Mtoto wa Kulelewa na Skuli Yake: Barua ya Wazi kwa Maafisa Wadhamini wa Pemba

Kwa Waheshimiwa:
Afisa Mdhamini, Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali, Pemba
Afisa Mdhamini, Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wazee na Watoto, Pemba

Nakala kwa walimu wakuu, masheha na kamati za skuli za Micheweni, Wete, Chake Chake na Mkoani.



Nakuandikieni barua moja nyinyi wawili kwa makusudi, kwani jambo lenyewe limekaa baina ya ofisi zenu. Mtoto anayelelewa na asiyekuwa mzazi wake anapoanza kuikosa skuli, upande wa Elimu huona hilo ni la Ustawi wa Jamii, na upande wa Ustawi huona ni la Elimu. Hapo katikati mtoto humaliza darasa la sita kwa kujikongoja, akafika kidato cha pili, kisha jina lake likasomwa kwenye mahudhurio siku mbili tatu bila ya kuitikiwa, na mwisho likaacha kusomwa.

Ombi langu nalitanguliza ili nisikuchosheni kulitafuta. Kila mtoto wa Pemba anayelelewa nje ya mikono ya wazazi wake awe na mtu mzima mmoja ndani ya skuli yake, anayejulikana kwa jina, aliyekabidhiwa masomo ya mtoto huyo na anayeulizwa juu yake. Yaliyobaki katika barua hii ni kueleza kwa nini naamini hilo ndilo linalopungua, na kwa nini linawezekana hapa kwetu. Nimesomesha sehemu kubwa ya maisha yangu, na nyumbani tumelea watoto wa ndugu. Naandika kwa hali zote mbili.

Wakitajwa watoto wanaolelewa nje ya wazazi wao, fikra za wengi huenda kwenye nyumba za kulelea watoto. Unguja ipo ya serikali pale Mazizini, na kipo kijiji cha SOS ambacho kimelea vizazi kadhaa vya watoto. Huko mtoto ana faili, ana mlezi anayelipwa kwa kazi hiyo, na ana mtu wa kufuatilia ripoti yake. Lakini wengi wa watoto wetu hapa kisiwani hawajawahi kuingia kwenye faili la mtu. Mtoto wa Kipemba akifiwa, au wazazi wakiachana na kila mmoja akaanza nyumba nyengine, au baba akiondoka na dago la wavuvi na mama akienda kutafuta maisha Dar es Salaam au Maskati, mtoto huchukuliwa. Huchukuliwa na bibi, na khalati, na ami, na mjomba, pengine na jirani aliyekula naye kitoweo kimoja na mama yake. Haandikiwi karatasi. Mkoba wa nguo unahama nyumba, na usiku ule anatandikiwa mkeka pamoja na wenziwe.

Naliona hili ni jambo kubwa tulilonalo, na sitaki mtu aisome barua hii akadhani nalaumu walezi. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alilelewa na babu yake Abdul Muttalib, kisha ami yake Abu Talib. Sisi tuliokuzwa na visa hivyo tangu chuoni hatukuhitaji kufundishwa na mgeni kwamba mtoto asiye na wazazi ni wetu. Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa, katika kifungu chake cha 20, umeitaja kafala ya Kiislamu kwa jina miongoni mwa njia za kumlea mtoto aliyekosa familia yake. Kwa hivyo msingi tunao. Shida ni kwamba malezi yetu ya ukoo yalijengwa juu ya chakula, nguo, adabu na dini, katika zama ambazo hayo yalimtosha mtoto kuwa mtu. Leo kuna mitihani, fomu, uhamisho, mchepuo, cheti, mkopo, na kila kimoja kina tarehe yake ya mwisho. Bibi anampa mjukuu kila alichonacho, na hicho kinachotakiwa na skuli hanacho.

Mnaukumbuka mwaka 2011. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba meli ya MV Spice Islander I ilizama ikitoka Unguja kuja Wete. Miili 203 ilipatikana, na tume iliyochunguza msiba ule ilieleza kwamba waliopotea moja kwa moja baharini walikuwa zaidi ya elfu moja. Wengi walikuwa watu wetu, wakirudi nyumbani baada ya sikukuu. Kilio kilitoka nyumba hadi nyumba. Watoto walioachwa na safari ile waligaiwa baina ya jamaa katika siku za matanga yenyewe, kwa maneno ya wazee waliokaa barazani. Aliyekuwa akinyonya usiku ule sasa ni mwanafunzi wa sekondari. Mwaka huo huo wa 2011 ndio Baraza la Wawakilishi lilipotupatia Sheria ya Mtoto, Namba 6 ya 2011, ambayo inaitambua kafala na inamtaka kila anayekaa na mtoto ahakikishe mtoto huyo anasoma. Sheria ile ilisifiwa mbali: mwaka 2015 ilipata tuzo ya dhahabu ya sera bora duniani inayotolewa na World Future Council. Tuna haki ya kujivunia. Na tuna haki pia ya kuuliza, mtoto wa meli ile, akikaa darasani leo Konde au Kiuyu, ni nani ndani ya skuli yake anayeijua habari yake?

Nitakupeni tukio moja. Siku ya kutoa ripoti wazee hufika asubuhi, hukaa kwenye madeski ya watoto wao, na mwalimu wa darasa huwaita mmoja mmoja. Alikuwapo bibi mmoja aliyekuja kila muhula kwa ajili ya mjukuu wake wa kiume, aliyebaki naye baada ya mama kufariki na baba kuhamia Tanga. Alikuja moja kwa moja kutoka shamba, jembe ameliacha nje ukutani, udongo mwekundu bado uko miguuni. Mwalimu akamfungulia ripoti na kumwonyesha. Bibi aliitazama kwa heshima, akauliza suala moja tu: mtoto ana adabu? Mwalimu akamjibu kwamba ana adabu sana. Bibi akamshukuru Mungu, akatia dole gumba, akaondoka. Hesabati mtoto alikuwa na alama kumi na moja kwa mia.

Hakuna aliyesema uongo pale, na mapenzi ya bibi hayakupungua hata chembe. Aliyekosekana ni mtu wa kujua kwamba kumi na moja ya hesabati katika muhula wa kwanza wa kidato cha kwanza ina dawa, na kwamba miaka miwili ikipita haina. Mwanafunzi wa dawati la pili, aliyepata kumi na tatu, baba yake alimvuta mwalimu pembeni, akauliza tuisheni iko wapi na shilingi ngapi. Watoto wale walikuwa sawa kwa akili. Walitofautiana kwa kuwa mmoja alikuwa na mtu wa kuuliza.

Kuna jambo jengine ambalo aliyelelewa, au aliyelea, atalijua kabla sijalimaliza. Mtoto wa kulelewa haombi. Wakati wa msimu wa karafuu mtazameni. Usiku watu wa nyumba nzima wamekaa duara kuchambua, karafuu upande huu, makonyo upande huu, taa katikati. Watoto wa mwenye nyumba watachambua, watasinzia, watafukuzwa wakalale. Yeye atabaki mpaka lundo liishe. Alfajiri yuko nje kutandika majamvi, na wingu likitanda ni yeye wa kwanza kukimbilia kuanua. Hakutumwa. Amejituma, kwa sababu anajiona ana deni kwa watu hawa, na hana chengine cha kuwalipa isipokuwa mikono yake. Saa mbili yuko darasani, kichwa kimelala juu ya daftari, na mwalimu asiyejua lolote anamwita mvivu.

Mtoto huyo huyo daftari likimwisha ataandika kwenye jalada. Kiatu kikimpasuka atasema mguu unamuuma, asije akaonekana mzigo. Skuli ikitangaza mchango wa kambi ya mitihani, hilo tangazo halifiki nyumbani, analimeza njiani. Elimu bila malipo tunayo tangu tarehe 23 Septemba 1964, na serikali imekwenda kuifuta hata michango ya mitihani na ya uendeshaji skuli. Lakini vimebaki vitu vidogo vidogo, nauli, sare, chakula cha kambini, ambavyo mtoto mwenye wazazi huvipata kwa kununa na kulia, na mtoto wa kulelewa haruhusiwi na nafsi yake kununa. Ndiyo maana nasema utaratibu wowote unaomngoja mtoto huyu aje kusema shida yake utamngoja mpaka aondoke skuli. Lazima awepo mtu wa kumwendea.

Kwenye karatasi ndiko hasa ofisi zenu mbili zinapohitajiana. Mtoto aliyezaliwa nyumbani, mama akafa kabla ya kumsajili, hana cheti cha kuzaliwa. Jina lake liko namna moja kwenye kadi ya kliniki, namna nyengine kwenye daftari la skuli. Huku Hamad, kule Hamadi bin Juma, na pengine ameandikishwa skuli kwa jina la babu anayemlea. Miaka inapita bila ya jambo hilo kumkera mtu, mpaka siku ya kusajiliwa mtihani wa kidato cha nne. Hapo jina likikosewa linaingia kwenye cheti chake cha maisha. Akifika miaka 18 anataka kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, na huko nako anaulizwa cheti kile kile. Akipata bahati ya kufaulu, akaomba mkopo wa elimu ya juu, anatakiwa athibitishe kwamba wazazi wamekufa. Nakuulizeni kwa heshima: kijana ambaye baba yake alizama na maiti haikuonekana, akasimamie kaunta gani na karatasi gani? Haya ni mambo ambayo afisa wa ustawi, akishirikiana na sheha na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, anaweza kuyamaliza mtoto akiwa darasa la nne, bila ya haraka. Yakiachwa mpaka kidato cha nne yanakuwa msiba mwengine.

Wapo na wale ambao serikali yenyewe imewahamisha. Mtoto amedhalilishwa nyumbani kwao. Kesi imepita Kituo cha Mkono kwa Mkono, imefika polisi, na kwa usalama wake Ustawi wamemtoa Micheweni, wamempeleka kwa jamaa Chake Chake. Wamefanya lililo sawa. Lakini skuli yake haikuambiwa. Kwenye daftari la mahudhurio anaandikwa mtoro, wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Skuli mpya inamdai barua ya uhamisho, na barua inatakiwa ikachukuliwe kule kule alikotolewa. Hivyo mtoto aliyeumizwa na mtu mzima anapoteza muhula mzima kwa kuwa watu wazima wengine hawakupigiana simu. Mwalimu mkuu hana haja ya kujua kilichomfika mtoto, na tena asiambiwe zaidi ya kinachohitajika. Anahitaji sentensi mbili tu: mtoto huyu anahama kwa amri ya Ustawi, na nafasi yake huko aendako iwe tayari. Uhamisho wa namna hiyo upite baina ya ofisi na ofisi, usipitie mkononi mwa mtoto wala mlezi.

Ombi hili, la mtu mmoja wa kumfuatilia mtoto, si la kubuni kwangu. Nchini Uingereza, kule England, walifika mahali pa kutambua kwamba watoto walio chini ya malezi ya serikali za mitaa wanabaki nyuma sana ya wenzao, na kwamba kila ofisi ina sababu nzuri ya kusema si kazi yangu. Kwa sheria ya mwaka 2014 kila mamlaka ya eneo ikalazimishwa kuwa na afisa mmoja anayewafuatilia watoto wote wa aina hiyo, popote walipotawanyika, kama mwalimu mkuu wa skuli moja isiyokuwa na jengo. Kabla ya hapo walishaitaka kila skuli ya serikali iwe na mwalimu aliyeteuliwa kwa ajili yao, na kila mtoto awe na mpango wake wa masomo unaopitiwa mara kwa mara. Hata kwao pengo halijazibika, na mimi sidai kwamba tukinakili utaratibu wao watoto wetu watafaulu. Ninalotaka mlione ni hili: nchi yenye fedha zote zile, ilipokaa kutafuta dawa, iliona kwamba fedha peke yake hazitoshi. Ilianza kwa kumtaja mtu.

Na sisi wa kumtaja tunaye. Skuli zetu zina walimu wa ushauri nasaha. Wengine wana mafunzo, wengine wamepewa jina tu, na wengi wao wana vipindi vingi kiasi kwamba ushauri wenyewe hufanywa ukumbini baina ya kengele na kengele. Najua madarasa yalivyojaa, najua skuli za mikondo miwili zinavyobanana. Simtwishi mwalimu huyo kazi ya mzazi. Namwomba awe na orodha fupi ya watoto wa skuli yake wanaolelewa nje ya wazazi, akae na kila mmoja mara chache katika muhula, aangalie mahudhurio na alama zake, aende kwa mlezi inapobidi, na awe na namba ya simu ya afisa wa ustawi wa wilaya ambayo ikipigwa inapokelewa. Apunguziwe vipindi viwili vitatu kwa wiki kwa kazi hiyo, na mwalimu mkuu amuulize juu ya orodha ile kama anavyoulizwa juu ya matokeo ya mitihani. Sensa ya 2022 ilitukuta Pemba nzima tukiwa watu zaidi ya 540,000, katika wilaya nne. Masheha wetu wanazijua nyumba zao mlango kwa mlango. Katika sehemu ndogo kama hii, hakuna udhuru wa kutojua ni mtoto gani analelewa na nani.

Katika kuwaandika, nakusihini msiishie kwa mayatima wa kisheria. Orodha za misaada mingi zinahesabu aliyefiwa na baba kabla ya kubaleghe, na kwa mambo ya zaka na sadaka hiyo ni sawa. Lakini skuli ina watoto ambao wazazi wote wawili wako hai na hakuna hata mmoja aliyepo. Talaka imewagawa, au bahari, au safari. Hao hawahesabiwi popote, na katika uzoefu wangu wa darasani ndio waliokuwa wepesi zaidi kupotea, kwa sababu hata jirani hakuwaonea huruma: si ana baba yake?

Orodha yenyewe iwe siri ya kazi. Hapa naomba nizungumze bila ya kuzunguka, maana jambo hili limeniumiza kwa muda mrefu. Tumezoea kuwapa watoto hawa misaada kwa sherehe. Wanaitwa mbele ya skuli nzima, wanapangwa mstari, wanakabidhiwa sare na mikoba huku kamera zikiwaka, na mfadhili anapeana mkono na mmoja mmoja. Anayetoa ana nia njema na Mungu atamlipa. Lakini mtoto wa miaka kumi na tatu aliyefanya kila hila wenziwe wasijue hali yake, ametangazwa. Nimeona msichana akiuvaa mkoba aliopewa kwa kuugeuza ndani nje, mwaka mzima, ili maandishi ya msaada yasisomeke. Nyinyi wawili mna uwezo wa kulikomesha hili kwa waraka mmoja: msaada wa mwanafunzi yeyote upitie kwa mwalimu aliyekabidhiwa, ufike nyumbani kwa mlezi, na picha ya mtoto isipigwe.

Kuhusu fedha sitasema mengi, kwa kuwa naamini zipo zaidi ya tunavyodhani, zimetawanyika tu. Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana inakusanya na kugawa zaka. Jamaa zetu wa Oman, Uingereza na kwengine wanatuma, kila mmoja kwa njia yake. Misikiti inachangisha. Zipo jumuiya zinazofadhili mayatima kwa miaka na miaka, na watu wazima wengi wenye heshima zao hapa kisiwani wamesoma kwa mkono wa jumuiya hizo. Kasoro ninayoiona ni moja. Ufadhili mwingi unamwacha mtoto anapobaleghe au anapotimiza miaka 18, na hapo ndipo alipo kidato cha tatu, cha nne au cha tano, mahali ambapo masomo ni ghali zaidi na nyumbani anaanza kutazamwa kama mtu wa kutafuta chake. Ufadhili ufuate darasa, usifuate umri. Aliyeanzishwa afikishwe. Na ambaye kidato cha nne hakikumwendea vizuri apelekwe Vitongoji au Daya Mtambwe kwenye mafunzo ya amali, kwa mkono wa mtu aliyemjazia fomu na kumlipia nauli ya mwezi wa kwanza. Kwa kijana asiye na baba wa kumrithisha mkarafuu wala chombo cha kuvulia, ufundi umeme au ufundi wa mashine za boti ni urithi alioutengeneza mwenyewe.

Kwa walezi wenzangu nina neno moja, kwa sababu najua barua hii itasomwa majumbani. Mwalimu akija kuuliza habari za mtoto, asichukuliwe kuwa amekuja kupekua mambo ya ukoo. Mtoto mliyempa mto na sahani yake anahitaji pia ruhusa yenu ya kusoma. Mwambieni kwa mdomo kwamba wakati wa daftari hana deni na mtu. Usiku wa kuchambua karafuu, saa yake ya kulala ikifika, mfukuzeni akalale kama mnavyowafukuza wenu. Anayewaomba hivi hajui nyumba iliyolea bila ya tabu, na anajua kwamba mmelea pale ambapo hakuna aliyekushukuruni.

Waheshimiwa, sikuandika kuomba tume wala warsha. Mwaka wa masomo unaanza Januari. Kabla ya hapo nakuombeni mkae nyinyi wawili, mwite maafisa wa elimu na wa ustawi wa wilaya zote nne katika chumba kimoja, na mtoke na waraka mmoja kwenda kila skuli ya Pemba: mwalimu mkuu amteue mwalimu wa watoto wa kulelewa, amkabidhi orodha, amtajie afisa wa ustawi atakayeshirikiana naye, na mwisho wa kila muhula nyote wawili mletewe taarifa ya watoto hao, wangapi wanahudhuria, wangapi hawana vyeti vya kuzaliwa, wangapi wamehama na wameishia wapi. Waraka huo uwe na saini zenu mbili. Ukiwa na saini moja, ofisi ya pili itabaki na udhuru wake, na mtoto atabaki pale pale katikati.

Wabillahi tawfiq.

Mwalimu mstaafu na mlezi,
Wete, Pemba